Mchagua Nazi Hupata Koroma

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Sisi wakazi wa Noonkopir nazi tunaziona sokoni tu, zikiwa zimetoka Pwani kwa lori. Hata hivyo, kila mnunuzi huitikisa nazi kando ya sikio, akasikiliza maji, ndipo afungue mkoba. Wapo wanaotikisa kumi nzima, wakachukua ya kumi na moja, na wakifika nyumbani wanakuta ndiyo koroma.

Methali hiyo inawafaa mashabiki wa kandanda kuliko watu wengine wote ninaowajua. Kila kipindi cha usajili kinapofunguliwa, wao huwatikisa wachezaji kama nazi. Huyu mzito, yule mzee, huyu hana mguu wa kushoto, yule anapenda raha. Nimewasikiliza kwa miaka mingi na nimecheka nao sana. Mwaka huu nimeona nitoe maoni yangu katika jarida letu, kwa sababu jambo lenyewe limeingia hadi ndani ya nyumba yetu.

Mama yangu ana kibanda cha chai kando ya barabara ya kwenda Namanga, si mbali na steji ya matatu za Nairobi. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, mimi hufika pale saa kumi na moja jioni, nikavua sweta, nikaanza kuosha vikombe. Hiyo ndiyo saa wateja wanapofurika. Huja makanga waliomaliza zamu, vijana wa mjengo wenye simiti hadi kwenye kope, wafanyakazi waliotoka viwanda vya Athi River, na soja anayejiandaa kwenda lindo. Yuko pia mzee mmoja fundi wa viatu ambaye kazi yake iko mlangoni petu lakini ulimi wake uko ndani siku zote. Wengine huketi kwenye benchi wakacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Wateja hawa wamegawanyika mara mbili. Upande mmoja ni wa Gor Mahia, yaani K'Ogalo, timu iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Upande wa pili ni wa AFC Leopards, yaani Ingwe, iliyoanzishwa mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya. Timu hizi zikikutana, mechi huitwa debi ya Mashemeji. Kweli pale kibandani wanaishi kama mashemeji. Wanarushiana maneno kutwa kucha, lakini mmoja akipungukiwa na shilingi ishirini za chai, mwingine humlipia huku akimtusi.

Mara ya kwanza nilipotia neno langu, makanga mmoja aliniambia, "We msichana, osha vikombe. Mpira ni maneno ya wanaume." Nilimjibu kwamba timu ya kwanza ya kandanda kutoka Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA haikuwa ya wanaume. Ilikuwa ya wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, mwaka wa 2024 kule Jamhuri ya Dominika, nao waliifunga Meksiko mabao 2-1. Makanga alinyamaza jii kama maji mtungini. Tangu siku hiyo, wakibishania tarehe au mabao, hakimu ni mimi.

Haya, tuingie kwenye usajili wenyewe. Katika kipindi cha katikati ya msimu, swali lilikuwa moja tu kwa mashabiki wa K'Ogalo wa kibanda chetu. Walisema timu inataka mshambulizi, na kwa makisio yao pesa zilizoko zinatosha mtu mmoja. Je, achukuliwe nani? Hapo palizuka patashika nguo kuchanika! Mimi nilihesabu makundi matatu.

Kundi la kwanza liliongozwa na fundi wa viatu. Yeye alitaka mchezaji wa kigeni. "Nyinyi vijana hamna kumbukumbu," alisema huku sindano ikiwa mdomoni. "Meddie Kagere alitoka wapi? Si ndiye aliyekuwa anaichezea Rwanda? Alipofika hapa mwaka wa 2015, mabeki walianza kuugua siku mbili kabla ya mechi. Na Jacques Tuyisenge aliyekuja mwaka wa 2016, si Mnyarwanda pia? Tuleteeni mtu kama hao, mtu mwenye njaa ya mabao."

Soja, ambaye ni Ingwe damu, alimjibu, "Na huyo Kagere yuko wapi? Mwaka wa 2018 alienda zake Simba ya Dar es Salaam, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Nyinyi mlipalilia, wenzenu wakavuna. Hiyo ndiyo akili?"

Kundi la pili lilikuwa la makanga. Wao walitaka nyota mkongwe arudishwe nyumbani. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyecheza Ulaya hawezi kusahau mpira, na jina lake peke yake hujaza uwanja. Mzee fundi aliwacheka. "Enyewe mna haraka ya kusahau. Januari ya 2019 si tulimsajili Dennis Oliech? Mtu aliyecheza Auxerre kule Ufaransa, mtu aliyeibeba Harambee Stars mgongoni. Tulishangilia siku anatia sahihi mpaka sauti zikakauka. Haya niambieni, alikaa muda gani?" Hakuna aliyejibu. Kweli hakukaa sana.

Kundi la tatu lilikuwa la vijana wa mjengo. Wao walisema mshambulizi atafutwe hapa hapa, katika timu ndogo na ligi za chini, mahali ambapo hakuna kamera. "Michael Olunga alitoka wapi, jameni?" kijana mmoja aliuliza akiwa ameshika chapati kama bendera. "Alikuwa Tusker mwaka wa 2013. Mwaka wa 2014 akapelekwa Thika United. Mwaka wa 2015 akaja kwetu, akafunga mabao 19 kwenye ligi, tukachukua kombe bila kushindwa hata mechi moja! Mwaka wa 2016 huyo, Sweden."

Hapo nami nilitia chumvi kidogo. Niliwaambia kwamba Olunga huyo alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya wakati anawafungia mabao, na kwamba mwaka wa 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na pia mchezaji bora wa mwaka. Nina hakika walimu wangu watafurahi kusikia habari za uhandisi kuliko za mabao.

Tafakari basi, ewe msomaji. Kila kundi lilikuwa na ushahidi, na kila ushahidi ulikuwa na doa. Mgeni alifunga lakini akaondoka. Nyota mkongwe alikuja lakini hakukaa. Kijana wa nyumbani aliyeng'aa msimu mmoja alichukuliwa na Sweden msimu uliofuata, na mwaka huo wa 2016 ubingwa ukaenda kwa Tusker, timu ile ile iliyomwachilia Olunga akiwa mdogo. Ama kweli, katika mambo ya kuchagua wachezaji hakuna mganga.

Pale kibandani huja pia mwalimu mmoja mstaafu. Hunywa chai isiyo na sukari na hasemi neno mpaka wengine wachoke. Siku hiyo walipochoka, alikohoa akasema, "Wamarekani wana dawa ya ubishi wenu. Wana drafti."

Vijana waliangua kicheko wakatazama ubao wa vizibo.

"Si hiyo," mwalimu alisema. Akaanza kueleza kama aliye mbele ya darasa. Alisema kandanda ya Kimarekani ni mchezo mwingine kabisa, mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi. Kule timu hazikimbilii vijana wapya sokoni kila moja na mfuko wake. Zinakutana mara moja kwa mwaka na kuchagua vijana kwa zamu, wengi wao wakitoka vyuo vikuu. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho. Wazo hilo lilitolewa na Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, na likakubaliwa mwaka wa 1935, kwa sababu timu tajiri zilikuwa zinazoa vijana wote wazuri na timu maskini zinabaki na makombo. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka wa 1936.

"Hiyo ni haki kabisa!" soja alidakia. "Sisi Ingwe baada ya ubingwa wa 1998 tulingoja sana. Kwa sheria hiyo tungekuwa tunachagua kwanza miaka na miaka!" Watu walicheka hadi mama akamwambia apunguze sauti, wateja wa maharagwe wasipaliwe.

"Subirini," mwalimu aliendelea. "Yule kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka wa 1936 aliitwa Jay Berwanger. Ndiye aliyekuwa bora katika vyuo vyote vya Marekani. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Na mwaka wa 2000, timu zilichagua vijana 198 kabla ya kumkumbuka mmoja aliyeitwa Tom Brady. Aliitwa wa 199. Huyo akachukua ubingwa mara saba. Hata Mkenya, Daniel Adongo, mchezaji wa raga, aliingia Indianapolis Colts mwaka wa 2013 na hakupitia kwenye drafti kamwe."

Watu wote waliduwaa. Ikiwa Wamarekani wenye saa za kupima mbio na daftari za kila kijana wanaweza kumpita mtu kama huyo mara 198, basi sisi wa benchi na kikombe cha chai tutamjua nani?

Wakati huo kaka yangu alikuwa ameketi pembeni karibu na jiko. Si mtu wa maneno mengi. Aliuliza swali moja tu. "Mwalimu, na huyo anayechaguliwa, yeye huulizwa anataka kwenda wapi?"

Mwalimu alisema hapana, huchaguliwa tu. Lakini akaongeza kwamba wachezaji hao wana chama chao tangu mwaka wa 1956, na chama hukaa mezani na wenye timu wakaandikiana mshahara na matibabu. Anayechaguliwa hachagui timu, ila anajua atalipwa nini.

Kibanda kizima kilinyamaza. Hakuna hata mmoja aliyemtazama kaka yangu usoni, kwa maana wote waliijua hadithi yake. Wacha niwasimulie.

Kaka yangu ana umri wa miaka 22. Ni winga wa kushoto, na watu waliomwona akikimbia katika viwanja vya vumbi vya Kitengela wanajua sijigambi. Alipokuwa na miaka 19, timu moja ya mbali, ambayo sitaitaja, ilimwita ikamsajili. Siku hiyo kibandani kulikuwa na sherehe. Mzee fundi alimshonea viatu vyake vya mpira bila malipo. Mama alimwaga chai ya bure, jambo ambalo sijaliona tena. Kaka alitia sahihi karatasi, na karatasi ikabaki kwa yule afisa wa timu. Yeye hakupewa nakala.

Miezi ya kwanza alilipwa. Baadaye akalipwa nusu. Kisha akaambiwa, "Vumilia, ndugu, pesa ziko njiani." Pesa hizo sijui zilipitia njia gani, kwa maana hazijafika hadi leo. Akiwa katika kuvumilia huko, aliumia goti katika mechi. Alirudi Noonkopir kwa matatu, mguu umenyooshwa kwenye viti viwili, na nauli ya kiti cha pili alilipa mwenyewe. Matibabu yalilipwa na chai. Mama alichukua pesa zake za chama cha akina mama, zamu yake ilipofika, akazipeleka zote hospitalini.

Kuna jioni moja ambayo siwezi kuisahau. Kaka alikuwa amelala nyuma ya pazia la kibanda, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kumpa maji. Mbele ya pazia wateja wetu walikuwa wanabishana kama kawaida. Walikuwa wanajadili timu ile imtafute winga gani badala yake. Walitaja majina matano. Walipima mbio zao, urefu wao na miguu yao. Sidhani walikuwa na ubaya wowote, kwa sababu ni hao hao waliomchangia nauli za kwenda kliniki. Lakini nilikuwa nimeshika kikombe na kitambaa, nikafikiri moyoni: kumbe huku ndiko kubishana usajili kulivyo ukiwa upande wa pili wa pazia!

Goti lilipona polepole. Akaanza kucheza tena Jumamosi, na siku nyingine akafanya kazi ya kupakia mizigo. Mwaka huu, katika kipindi kile kile cha usajili, simu ilipigwa. Timu nyingine, nayo sitaitaja, ilimtaka aende Ijumaa kutia sahihi. Safari hii aliomba atumiwe karatasi kwanza. Zilikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Mama hakusoma Kiingereza sana, akaniambia, "Kaa hapa. Nisomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, usiruke."

Wapenzi wasomaji, nimefanya mitihani mingi ya tafsiri na ufupisho, lakini haukuwahi kuwapo mtihani kama ule. Nilikuwa na kamusi mapajani. Nilisoma mshahara, nikasoma muda, nikasoma mazoezi. Nilipofika kifungu cha saba nikasoma kwamba timu inaweza kusitisha mkataba wakati wowote iwapo mchezaji ataumia.

"Rudia hapo," mama alisema. Nikarudia.

"Na yeye akitaka kusitisha wasipomlipa?"

Nilitafuta ukurasa wa kwanza na wa pili. Hakukuwa na neno.

Mama alitazama sufuria kwa muda. Kisha akasema, "Mtu akienda kununua ng'ombe soko la Bissil, akalipa, ng'ombe akavunjika mguu njiani, hasara ni ya nani? Ni ya mnunuzi. Mbona mwanangu akivunjika hasara ni yangu?"

Jumamosi hiyo nilikaa na simu ya kaka nikazisoma kanuni za FIFA kuhusu uhamisho wa wachezaji. Niliyoyakuta ningependa kila mchezaji wa shule yetu ayajue. Kwanza, mchezaji wa kulipwa lazima awe na mkataba wa maandishi. Pili, aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Tatu, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili bila sababu ya haki anaweza kuuvunja mkataba, mradi ameipa timu notisi ya siku 15 ilipe deni lake. Aidha, nilipata kujua kwamba hapa Kenya kuna chama cha kutetea maslahi ya wachezaji kinachoitwa KEFWA. Kaka alikuwa amecheza mpira miaka yote hiyo bila kujua hata moja kati ya hayo.

Basi alimpigia afisa simu akaomba mambo matatu: apewe nakala, kifungu cha saba kiondolewe, na matibabu yaandikwe. Hakupandisha sauti. Afisa alimsikiliza, akamwambia atampigia. Jumatatu ikapita. Jumatano tukasikia kwamba winga mwingine ametia sahihi. "Mawinga ni wengi," ndiyo salamu tuliyoletewa.

Habari hiyo ilipofika kibandani ilizua ubishi mkubwa kuliko ule wa Kagere na Olunga. Makanga mmoja alisema kaka amejichongea. "Angetia sahihi tu, bana! Akishafunga mabao wangembembeleza. Sasa amebaki na kanuni zake mfukoni." Vijana wa mjengo walisema amefanya vyema, maana hata wao hulipwa baada ya kugombana. Soja alisema wote wawili wana haki na wote wawili wana njaa. Mzee fundi hakusema neno, na hiyo ilikuwa ajabu ya mwaka.

Mimi nina upande, na sitauficha. Yule makanga alisema kweli kwamba kuuliza kuna gharama. Kaka yangu ameilipa. Lakini kutouliza pia kuna gharama, na hiyo mama aliilipa kwa chai. Tofauti ni kwamba gharama ya kutouliza haionekani uwanjani, kwa hivyo mashabiki hawaihesabu.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya timu ndogo." La hasha! Mwaka wa 2019 kampuni ya SportPesa ilipoacha kuzifadhili Gor Mahia, AFC Leopards na ligi yenyewe, mishahara ikawa ya shida na wachezaji wakaanza kuondoka. Katika miaka ya 2021 na 2022 klabu hizo mbili kubwa zilifungiwa na FIFA kusajili wachezaji, kwa sababu ya madeni ya watu waliowahi kuzitumikia. Yaani kipindi cha usajili kinafunguliwa, mashabiki wanataja majina hadi usiku wa manane, na timu haina ruhusa ya kumsajili hata mtu mmoja! Asiyemlipa wa jana hapewi wa kesho. Huo ndio ukweli ambao kundi la kwanza, la pili na la tatu hawakuugusa.

Isitoshe, karatasi hazimsaidii mchezaji peke yake. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Victor Wanyama, aliyepitia AFC Leopards akiwa kijana, aliuzwa na Celtic ya Skoti kwa Southampton ya Uingereza mwaka wa 2013 kwa bei iliyoripotiwa kuwa paundi milioni 12.5. Piga hesabu. Asilimia 5 ni paundi 625,000 za kugawanywa kwa timu zote zilizomlea. Sasa timu ya mtaani isiyoandika usajili wa vijana wake, inayowachezesha kwa salamu na ahadi, itathibitisha vipi kwamba ilimlea mtu? Karatasi ambayo afisa anaona ni usumbufu ndiyo hiyo hiyo ingeweza kuijengea timu yake uwanja wenye nyasi.

Kwa hivyo nina maombi machache. Kwanza kwa mashabiki: endeleeni kubishana, kwa maana ubishi ni utamu wa mchezo, na mama atauza chai. Lakini mkishataja jina, msiliache hewani. Ulizeni mtu huyo atalipwa na nani, ataishi wapi, na akiumia atatibiwa na nani. Timu iliyo na pesa za mtu mmoja ianze kwa kuwalipa wale ilio nao.

Pili kwa wenzangu mnaochezea shule yetu, wavulana kwa wasichana. Kila muhula wa michezo ukifika, huwa kuna watu wasiojulikana wanaosimama kando ya uwanja na simu, wakiuliza namba kumi ni nani. Siku watakayokuita, furahi, lakini usitie sahihi peke yako. Enda na mzazi, enda na mwalimu. Kama karatasi ni ya Kiingereza, isome pole pole mpaka uweze kuieleza kwa Kiswahili kwa mtu asiyeijua lugha hiyo. Usipoweza kuieleza, basi hujaielewa, na usiyoielewa usiitie mkono. Hapa ndipo nilipong'amua kwamba Chama cha Kiswahili si cha mashairi na maigizo tu.

Tatu kwa walimu wetu: ninaomba siku moja tusome mkataba darasani, kama tunavyosoma barua rasmi. Wengi wetu tutatia sahihi mikataba ya kazi kabla ya kuandika barua kwa mhariri.

Kaka yangu bado anacheza Jumamosi. Goti halimsumbui, na mguu wa kushoto haujasahau kazi yake. Simu haijalia tena. Hata hivyo, juzi pale kibandani kijana mmoja alitaja mshambulizi fulani wa ligi ya chini, akamsifu mbio zake na kichwa chake. Kabla mtu mwingine hajajibu, mzee fundi aliinua kichwa kutoka kwenye kiatu akauliza, "Na huyo mtoto wa watu wamempa nakala?"

Makanga walicheka. Lakini yule kijana hakuwa na jibu, na mazungumzo ya mbio yakasimama kwanza hapo. Nami naiweka kalamu yangu chini nikiwatakia nyote mtihani mwema na likizo njema.